Ngeli za Afisa wa Msituni: Jaribio la Uainishaji

Mada hii haijashughulikiwa ipasavyo. Najua kila tasnifu ya uzamili huanza kwa sentensi hiyo, lakini safari hii ni kweli. Tuna maktaba nzima kuhusu wanamapinduzi wa karne ya 20, na nyingine kubwa zaidi kuhusu majasusi. Ila yule kiumbe aliyeishi baina yao, afisa wa ujasusi aliyeshushwa porini akapokewa, akalishwa na kulazwa na watu ambao serikali yake ingekuja kupigana nao miaka michache baadaye, hana hata jedwali lake. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Yakishindwa, yatapendekeza utafiti zaidi uendelee, kama ilivyo ada.

Fasili kwanza. Afisa wa msituni ni mtumishi wa dola kubwa, mwenye cheo kati ya luteni na brigedia, anayetumwa wakati wa vita kwenda kwa chama cha mapinduzi cha nchi isiyo yake, kwa kuwa chama hicho na dola yake vina adui mmoja kwa wakati huo. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayobeba fasili nzima. Shushushu anayejipenyeza chamani ili akivunje hayumo humu. Huyo ni polisi, na polisi wana wanahistoria wao. Balozi naye hayumo, kwa sababu balozi hulala kitandani.

Nimewapanga kwa ngeli, si kwa vyeo wala kwa mataifa. Walimu wa sarufi watanielewa: nomino huijui kwa kuitazama sura, unaijua kwa vitenzi vinavyoifuata. Afisa naye hatumtambui kwa nyota za begani bali kwa yale yaliyofuata baada ya yeye kuondoka.

Ipo ngeli tangulizi ambayo naitaja ili nisilaumiwe na wahakiki: Afisa wa Chaki. Aprili 1917 Ujerumani, ikitaka Urusi ijitoe vitani, ilimpitisha Lenin na wenzake wapatao 30 kwa treni kutoka Uswisi hadi bandari ya kaskazini. Ndani ya behewa ulichorwa mstari wa chaki sakafuni: upande mmoja wanamapinduzi, upande wa pili maafisa wawili wa Kijerumani waliowasindikiza. Mle ndani Lenin aliutumia muda wake, pamoja na mambo mengine, kugawa tiketi za kuingia msalani, maana wavutaji sigara walikuwa wanajifungia humo na kuwazuia wenye haja halisi. Maafisa wale wawili hawakuuvuka mstari. Urusi ilijitoa vitani kama ilivyopangwa. Mwaka uliofuata, Novemba, mabaharia na askari wa Ujerumani wenyewe waliunda mabaraza ya mtindo wa Kirusi, na Kaisari akakimbilia Uholanzi. Ngeli hii haina mengi zaidi.

Ngeli ya kwanza kamili ni Mhesabu Maiti. Huyu alizaliwa London mwaka 1943, pale Churchill alipotaka kujua jambo moja tu kuhusu Yugoslavia: nani anaua Wajerumani wengi zaidi, na tunawezaje kumsaidia aue zaidi. Kulikuwa na makundi mawili, Machetnik wa Mihailović waliomtii mfalme aliyekuwa uhamishoni, na Wapartizani wa Tito, ambao walikuwa wakomunisti na hawakuficha sana. Kwa Tito alitumwa kwanza William Deakin, mwanahistoria kijana wa Oxford. Alirushwa kwa parachuti mwishoni mwa Mei karibu na mlima Durmitor, Montenegro, akatua katikati ya operesheni ya Wajerumani ya kuwazingira Wapartizani. Tarehe 9 Juni ndege ziliwapiga mabomu. Kapteni Stuart, aliyeshuka pamoja na Deakin, aliuawa. Tito alijeruhiwa, na Deakin akajeruhiwa na bomu hilo hilo.

Hapa ndipo ninapopata Nadharia ya Bomu Moja: hakuna ripoti isiyopendelea inayoweza kuandikwa na mtu aliyelala shimo moja na anayeripotiwa, vipande vya chuma vilivyowatoboa vikiwa vya kiwanda kimoja. Udhaifu wa nadharia hii, nakiri, ni kwamba Deakin alikuwa sahihi. Wapartizani walikuwa wanapigana kweli. Swali lilikuwa ni nani anaua, na jibu lilikuwa linamdondokea yeye mwenyewe kutoka angani.

Septemba akafuata mkubwa wake, Brigedia Fitzroy Maclean, mbunge, mtu aliyeijua Moscow ya Stalin tangu alipokuwa mwanadiplomasia huko. Yeye hakudanganyika hata dakika moja. Alimwambia Churchill waziwazi kuwa Wapartizani watashinda, na wakishinda watajenga nchi ya kikomunisti. Churchill akamuuliza kama ana mpango wa kuhamia Yugoslavia baada ya vita. Hapana. Wala mimi, akasema Churchill, na kwa hiyo kadiri tunavyohangaikia kidogo serikali watakayoiunda, ndivyo itakavyokuwa bora. Miaka mingi baadaye Maclean alikuwa na nyumba yake katika kisiwa cha Korčula, Yugoslavia ya Tito, na akienda kupumzika huko. Jibu lake kwa waziri mkuu lilikuwa, kama wasemavyo watakwimu, sahihi kwa kipindi kilichopimwa.

Soma tena mazungumzo yale, maana ngeli zote zilizobaki zimo ndani yake. Afisa ametumwa na swali moja. Wenyeji wake wanalijua swali hilo kuliko anavyolijua yeye. Akileta jibu la swali la pili, lile la nini kitatokea vita vikiisha, anaambiwa halikuulizwa.

Ngeli ya pili ndiyo tajiri kuliko zote: Mleta Vitu Vidogo. Kielelezo chake bora ni Charles Fenn, mzaliwa wa London aliyekuwa luteni wa wanamaji wa Marekani na afisa wa OSS, shirika la ujasusi la vita ambalo CIA ilirithi mikoba yake. Kituo chake kilikuwa Kunming, kusini mwa Uchina. Tarehe 9 Machi 1945 Wajapani waliuangusha utawala wa Wafaransa Indochina kwa usiku mmoja, na mitandao yote ya ujasusi iliyowategemea Wafaransa ikazimika kama taa. Wamarekani wakawa hawajui chochote: treni, bandari, hali ya hewa, marubani walioanguka. Siku nane baadaye Fenn akakaa mezani na mzee mwembamba mwenye ndevu za kidevuni aliyeitwa Ho Chi Minh, ambaye watu wake walikuwa wamemficha rubani wa Kimarekani aliyeanguka karibu na Cao Bang na kumvusha salama.

Ho alikubali kuendesha mtandao. OSS wakampa jina la siri, Lucius, wakampa redio na watu wa kuiendesha. Lakini yeye alikuwa na ombi la pembeni: kuonana na Jenerali Claire Chennault, kamanda wa ndege za Kimarekani Uchina. Fenn alikubali kwa sharti kwamba mzee asimwombe jenerali msaada wowote rasmi. Tarehe 29 Machi wakaingia ofisini. Chennault akashukuru kuhusu rubani, Ho akamsifu jenerali na Flying Tigers wake, yale maneno ya adabu yanayosemwa na mgeni kabla ya kuaga. Kisha, wanasimama kuondoka, Ho akaomba kitu kimoja. Picha. Ikaletwa bahasha ya picha za jenerali, mzee akachagua, akaomba isainiwe. Ikasainiwa kwa maneno ya kawaida ya kumalizia barua.

Kabla ya safari akamwomba Fenn kitu kingine: bastola sita za Colt .45, zikiwa bado kwenye karatasi zake za kiwandani.

Msomaji aliyezoea risala za kijeshi atauliza bastola sita zinafanya nini dhidi ya jeshi la Japani. Hazifanyi kitu. Ila huko msituni walikuwepo viongozi wa makundi mengine waliokuwa na shaka kama huyu mzee kweli anaungwa mkono na Wamarekani au ni maneno yake tu. Ho aliwaita, akawaonyesha picha yenye saini, kisha akamgawia kila mkubwa bastola yake. Mjadala ukaishia hapo. Hiyo ndiyo Kanuni ya Karatasi ya Kiwandani: thamani ya msaada haimo katika chuma bali katika kilichokifunika. Bastola iliyofunguliwa ingeweza kununuliwa kichochoroni Kunming, ambako kila kitu kiliuzwa. Iliyofungwa ilitoka katika ghala la serikali, na aliyekuwa nayo alikuwa amekaa na wenye ghala. Fenn hakuvunja amri hata moja. Hakutoa msaada wa kisiasa wala hakuahidi kitu. Alitoa vitu ambavyo karani yeyote angeviandika chini ya "mengineyo", na mzee akaondoka na kutambuliwa na Marekani kumejaa mfukoni.

Ngeli ya tatu naiita Mgeni wa Jembe, kwa heshima ya wahenga walioagiza kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Tarehe 16 Julai 1945 timu ya OSS iliyoitwa Deer, ikiongozwa na Meja Allison Thomas, ilirushwa kwa parachuti Tan Trao, milimani kaskazini mwa Hanoi. Meja mwenyewe alinasa mtini. Walipomaliza kushushwa, walikuta wapiganaji wapatao 200 wamejipanga kuwapigia saluti na bango la kuwakaribisha Wamarekani. Ng'ombe akachinjwa, wakaburudishwa kwa bia ya Hanoi. Katika msafara alikuwamo Luteni Montfort, Mfaransa aliyejaribu kupita kama Mmarekani. Wenyeji walimtambua mara moja na kumrudisha Uchina kwa adabu. Siku iliyofuata kutua, Thomas alituma ripoti kwamba Viet Minh, yaani kundi la Ho, si wakomunisti na makao makuu yaache kuogopa jinamizi hilo.

Nimemsikia zaidi ya mhadhiri mmoja akimcheka Thomas kwa ripoti ya siku moja. Mimi simcheki. Mwanasheria kijana kutoka Michigan, anashuka kutoka mtini, anapewa supu na watu wanaosema kwa Kiingereza kizuri kuwa wanataka uhuru, na adui aliyetumwa kumpiga ni Mjapani. Kosa lake si kuamini upesi, ni kuandika upesi. Luteni Defourneaux, aliyeshuka mwisho wa mwezi na kundi la pili, alizaliwa Ufaransa na alikuwa na mashaka makubwa zaidi juu ya wenyeji. Mashaka yake hayakubadili mlo wala ratiba.

Kundi la pili lilipofika lilimkuta Ho yu hoi kwa homa. Tabibu wa timu, Paul Hoagland, akampa kwinini na dawa za salfa, akapata nafuu. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama Mmarekani huyo aliyaokoa maisha ya mzee au alimharakishia tu kupona. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali haikutaja serikali ya mgeni itasemaje. Kisha likaja jembe. Timu iliwafundisha vijana wapatao mia moja waliochaguliwa kutumia bunduki za Kimarekani, bazuka na mizinga midogo. Henry Prunier, askari wa ngazi ya chini kabisa na mkalimani, alimfundisha kurusha guruneti mwalimu mmoja wa historia mfupi aliyejiita Van. Jina lake halisi ni Vo Nguyen Giap, yule aliyewashinda Wafaransa Dien Bien Phu mwaka 1954, na baadaye akawasumbua hata wenzake Prunier.

Mafunzo yalikuwa ya siku chache tu. Tarehe 15 Agosti Japani ilisalimu amri, na siku iliyofuata kikosi kilianza kushuka kuelekea Thai Nguyen huku Thomas akiandamana na Giap. Kijeshi, timu ya Deer haikubadilisha vita. Kisiasa, wanavijiji waliona safu ya Viet Minh ikipita ikiwa na Wamarekani ndani yake.

Kwa ndege, tarehe 22 Agosti, alifika Hanoi Kapteni Archimedes Patti, ambaye kwake nimetenga kijingeli cha Mhariri wa Rasimu. Patti alikuwa amekutana na Ho tangu Aprili. Sasa mzee alimwita amsikilize rasimu ya tangazo la uhuru, ambayo mwanzo wake uliazimwa kutoka tangazo la Wamarekani la 1776. Patti alipogundua kuwa uhai na uhuru vimebadilishana nafasi, Ho alilidaka jambo hilo papo hapo: bila shaka, bila uhai hakuna uhuru. Afisa wa ujasusi, aliyetumwa kushughulikia wafungwa wa kivita, akajikuta anasahihisha mpangilio wa maneno katika hati ya kuzaliwa kwa taifa jingine. Tarehe 2 Septemba Ho aliisoma uwanjani Ba Dinh. Ndege za kivita za Kimarekani zilipita chini juu ya umati, na watu wakachukulia kuwa ni salamu. Baada ya hapo Ho alimwandikia Rais Truman mara kadhaa. Hakujibiwa.

Ngeli ya nne sina mzaha nayo. Luteni Kanali Peter Dewey, miaka 28, aliongoza OSS Saigon Septemba hiyo hiyo, ambako Waingereza chini ya Jenerali Gracey walikuwa wakiwarudishia Wafaransa mji. Dewey alizungumza na Viet Minh. Gracey akamtaka aondoke. Alikuwa amezuiwa pia kupeperusha bendera kwenye gari lake aina ya jeep. Aliandika kuwa Cochinchina, yaani kusini mwa Vietnam, inaungua, Wafaransa na Waingereza wamekwisha huku, na Marekani iondoke Asia ya Kusini-Mashariki. Tarehe 26, siku ya kuondoka kwake, akakutana na kizuizi barabarani. Inasimuliwa kuwa aliwafokea walinzi kwa Kifaransa. Walimpiga risasi wakidhani ni Mfaransa. Mwili wake haukupatikana, na jina lake halimo kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam kule Washington, kwa kuwa hesabu rasmi ya vita hivyo ilikuwa haijaanza.

Ngeli ya tano, Aliyesema Mapema, ina makazi yake Yan'an, mji wa mapango kaskazini mwa Uchina. Julai 1944 ujumbe wa Marekani chini ya Kanali David Barrett uliwafikia huko Mao na wenzake. Ndege yao ilitua, gurudumu likazama katika kaburi la zamani, rafadha ikachomoka na kuikata bodi karibu kabisa na rubani. Hakuna aliyekufa. Barrett, aliyejua Kichina hadi vichekesho vyake, na mwanadiplomasia John Service walikaa mapangoni, wakaenda kwenye dansi za Jumamosi, wakaandika kwamba watu hawa wana nidhamu, wana wakulima nyuma yao, na yaelekea watatawala Uchina. Tarehe 7 Novemba akatua bila taarifa mjumbe wa rais, Jenerali Patrick Hurley, akashuka ngazi za ndege akipiga ukelele wa vita wa kabila la Wachoctaw. Mao na Zhou Enlai walikuja mbio kumpokea. Sura zao wakati huo sina chombo cha kuzipima.

Hurley alikwaruzana na wote waliojua jambo. Barrett alikuwa anasubiri nyota ya ubrigedia. Hurley akaizuia, na hakuipata kamwe. Service alifukuzwa kazi mwaka 1951, Uchina ikiwa tayari mikononi mwa Mao kama alivyoandika, na tuhuma zikiwa kana kwamba kutabiri mvua ni kuinyesha. Mahakama Kuu ya Marekani ilimrudisha mwaka 1957. Linganisha na Maclean, aliyesema jambo lile lile juu ya Tito akapewa nishani na jina la heshima. Tofauti pekee ninayoiona ni kwamba yeye alimwambia mtu ambaye hakutaka kuhamia huko.

Imebaki Malaya, ambayo karibu inivunjie jedwali lote. John Davis, aliyekuwa polisi wa kikoloni huko kabla ya vita, alirudi kwa nyambizi Mei 1943 kuwatafuta wakomunisti aliokuwa akiwawinda. Mwenyeji wake alikuwa Chin Peng, kijana asiyefika miaka 20. Mwisho wa mwaka huo walitia saini makubaliano na katibu mkuu wa chama, Lai Teck: silaha na fedha kutoka kwa Waingereza, ushirikiano kutoka kwa chama. Kila kitu kwa utaratibu, isipokuwa kwamba Lai Teck alikuwa amewahi kuwa mtu wa Wafaransa, kisha wa Waingereza, na wakati anaweka saini alikuwa mtu wa Wajapani. Septemba 1942 viongozi wa chama walikuwa wameuawa Batu Caves kwa taarifa zake. Mwaka 1947 alitoweka na fedha za chama, akauawa Bangkok. Nimejaribu kumwingiza katika kila ngeli. Anakubaliana na zote.

Vita vilipoisha, wapiganaji walivunja kambi kwa malipo ya dola 350 kila mmoja, wakarudisha bunduki nyingi na kuficha nyingine. Chin Peng alitunukiwa nishani ya Uingereza ya OBE, kisha mwaka 1948, uasi ulipoanza, akanyang'anywa. Waliotumwa kumsaka hawakutoka Uingereza pekee. Mwaka 1952 na 1953 askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya na Nyasaland walikuwa katika misitu hiyo, wakiwinda kwa amri ya Mwingereza watu waliopewa silaha na Mwingereza. Hao hawana ngeli humu kwa kuwa hakuna aliyewaomba ripoti. Desemba 1955, chama kilipokubali mazungumzo ya Baling, alitafutwa mtu wa kwenda ukingoni mwa msitu kumpokea Chin Peng. Akatumwa Davis. Wakaongea Kikantoni kama zamani. Mazungumzo yalishindikana, na Davis akamsindikiza rafiki yake kurudi porini ili vita viendelee.

Mmoja nimeshindwa kumpanga. Basil Davidson aliongoza dawati la Yugoslavia la majasusi wa Uingereza mjini Cairo, kisha Agosti 1943 akarushwa kwa parachuti kwa Wapartizani, na mwanzoni mwa 1945 akawa na wapiganaji wa milima ya Liguria, Italia. Vita vikaisha, wenzake wakarudi bungeni na chuoni. Yeye akageukia historia ya Afrika, na miaka ya 1960 akaanza tena kutembea misituni kwa miguu: Guinea-Bissau na watu wa Amilcar Cabral, na mwaka 1968 Msumbiji na FRELIMO, ambao makao yao yalikuwa Dar es Salaam. Adui safari hii alikuwa Ureno, mwanachama wa NATO pamoja na Uingereza. Hakuhesabu maiti. Aliuliza kuhusu shule, maduka ya wananchi, nani anahukumu kesi kijijini, na nani atalima vita vikiisha. Ripoti ya Guinea-Bissau ilichapwa na Penguin mwaka 1969, jalada jepesi, na mwenye shilingi za kutosha aliweza kuisoma kabla makao makuu hayajaifungua.